Mtarizi wa Lyon na daktari wa mishipa ya damu: funzo kwa shule za Eastlands

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, magazeti hutuletea picha za vijana waliobebwa juu juu na jamaa zao, na vijana hao wakiulizwa wanataka kuwa nani maishani, wengi hutaja jambo lile lile: udaktari. Wakidodoswa zaidi, watasema wanatamani kuwa madaktari wa moyo au wa ubongo. Nimefundisha kwa miaka mingi katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, lakini sijapata kumsikia mwanafunzi hata mmoja, awe wa Jericho, wa Kayole au wa Dandora, akisema kwamba ananuia kuwa daktari mpasuaji wa mishipa ya damu. Si ajabu. Mtu hatamani asichokijua, na bingwa wa fani hii ni adimu nchini mwetu kama maji ya mfereji katika baadhi ya mitaa yetu.

Nimeamua kumzungumzia leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wakazi wa Eastlands wanamhitaji kuliko wanavyofahamu. Ya pili, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, ni kwamba elimu yake ina siri ambayo sisi walimu tumeipuuza. Mtu huyu haundwi na vitabu pekee. Huundwa pia na mkono. Na mikono yenye ustadi, ndugu msomaji, ni mali ambayo Eastlands haijapata kuikosa.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mwanafunzi wa baiolojia anajua kwamba damu hutolewa moyoni na ateri na kurudishwa na vena. Asichoambiwa mara nyingi ni kwamba mirija hiyo ina maradhi yake yenyewe. Huziba, huvimba, hupasuka na hukatwa. Isitoshe, inapishana mno kwa ukubwa: aorta inayotoka moyoni ina upana wa takribani sentimita 2 hadi 3, ilhali ateri ya kifundo cha mkono, ile ambayo muuguzi huigusa anapohesabu mapigo, ina upana wa milimita chache tu. Daktari wa mishipa ya damu huishughulikia mirija hii shingoni, kifuani, tumboni, mikononi na miguuni. Moyo wenyewe huwa na bingwa wake, na mishipa iliyo ndani ya fuvu vilevile ina wenyewe.

Tuchukulie mfano wa ateri ya paja iliyokatwa. Daktari huanza kwa kuibana kwa vibanio juu na chini ya jeraha. Kwa kawaida hutumia dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo heparini. Kisha huondoa sehemu iliyochanika. Ikiwa ncha mbili zilizobaki haziwezi kukutana bila kuvutana, hutwaa kipande cha vena, aghalabu kutoka mguu wa pili, akakitumia kuziba pengo. Hapo pana jambo ambalo kila mwanafunzi angefurahi kulijua: vena za miguu zina vali zinazoiruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo daktari sharti akigeuze kipande hicho, ncha iliyokuwa chini iwe juu, la sivyo damu itabisha mlango uliofungwa. Baada ya hapo hushona, kwa uzi mwembamba kama unywele, huku amevaa miwani ya kukuza, mshono baada ya mshono. Mshono ukilegea, damu itavuja. Ukikazwa kupita kiasi, mshipa utabanwa na damu itaganda. Anapoviachilia vibanio huugusa mguu wa mgonjwa na kungoja. Mapigo yakirudi na ngozi ikianza kupata joto, kazi imefaulu.

Sasa tuitazame Eastlands. Wagonjwa wa daktari huyu ni wa namna tatu, na wote wako miongoni mwetu.

Wa kwanza ni majeruhi. Kuna aliyeangushwa na bodaboda katika barabara ya Jogoo, kuna aliyechomwa kisu usiku, na kuna fundi wa jua kali wa Kamukunji aliyekatwa na bati. Adui mkubwa wa hawa ni saa. Misuli ya mguu uliokosa damu kabisa haivumilii muda mrefu, na madaktari wamezoea kuhesabu takribani saa 6 kabla ya madhara yasiyorekebika. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyoko Embakasi, imewapunguzia watu wengi safari, lakini mshipa mkubwa unapokatwa mara nyingi mgonjwa hulazimika kuvushwa jiji zima hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta. Msomaji anayeifahamu barabara ya Jogoo saa za jioni hahitaji kuelezwa jinsi saa hizo zinavyoyeyuka.

Wa pili ni mgonjwa wa kisukari. Maradhi haya hufisha hisia za unyayo na wakati uo huo huiziba mishipa inayoulisha. Mama hukanyaga msumari asijue. Kidonda hakiponi kwa kuwa damu haifiki, nacho hugeuka donda ndugu, na hatimaye mguu hukatwa. Kabla ya hatua hiyo, daktari wa mishipa angeweza kuupanua mshipa ulioziba au kuipitishia damu njia nyingine kando ya kizuizi, mradi mgonjwa aletwe mapema. Tumbaku nayo huichoma mishipa hiyo hiyo polepole. Bandu bandu huisha gogo.

Wa tatu ni yule ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Ili mashine isafishe damu yake mara kwa mara, panahitajika mshipa mpana na imara wa kudungwa sindano. Mwaka wa 1966, madaktari wa New York, Brescia na Cimino pamoja na wenzao, walichapisha njia ya kuunganisha ateri na vena karibu na kifundo cha mkono. Vena ile, ikipokea damu yenye nguvu ya ateri, hunenepa na kukomaa baada ya wiki kadhaa hata ikaweza kutumiwa. Ukiigusa ngozi mahali hapo utahisi mtetemo kama wa nyuki aliyefungiwa. Wanaoishi kwa mashine hiyo wanaishi pia kwa mshono huo mdogo.

Si mguu wala figo pekee zinazookolewa hapa. Mchuuzi wa Gikomba anayekatwa mguu hupoteza kibanda chake. Utingo hupoteza gari. Mtoto wa kila mmoja wao huenda akapoteza karo, na mwalimu wake huliona pengo darasani bila kujua chanzo chake.

Ujuzi huu wa kuunganisha mishipa umetoka wapi basi? Jibu lake lina funzo kubwa kwa walimu. Mwezi wa Juni mwaka wa 1894, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alidungwa kisu mjini Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa wa ini. Madaktari wakubwa walikusanyika, lakini hapakuwa na aliyejua namna ya kuushona mshipa huo, na Rais akafa. Mjini humo palikuwa na kijana wa miaka 20 aliyekuwa akisomea udaktari, jina lake Alexis Carrel. Kijana huyo alishikilia kwamba mshipa unaweza kushonwa kama kitu kingine chochote kinachoshonwa.

Alikwenda kujifunzia wapi? Hakuvuka bahari kutafuta profesa. Lyon ni mji uliosifika kwa hariri, na Carrel alimwendea mwanamke mmoja, Bi Leroudier, aliyekuwa miongoni mwa watarizi hodari wa mji huo, akajifunza kwake kutumia sindano nyembamba mno na uzi wa hariri. Alifanya mazoezi hadi vidole vikatii. Mwaka wa 1902 alichapisha mbinu yake. Aliitia mishono mitatu ya kushikilia kwenye ukingo wa mshipa, akaivuta hata duara likawa kama pembetatu, kisha akashona kila upande kana kwamba anashona upindo ulionyooka. Baadaye alihamia Amerika, na mwaka wa 1912 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Sitaki wanafunzi wamfanye mtu huyu mtakatifu, kwa maana uzeeni aliandika fikra mbaya za kuwabagua binadamu kwa nasaba zao, na fikra hizo hazifai kuigwa. Lakini mshono wake ungali unatumika katika vyumba vya upasuaji ulimwenguni kote.

Wala kisa cha Carrel si cha pekee. Michael DeBakey, mpasuaji mashuhuri wa Houston nchini Marekani, alifundishwa kushona na mama yake utotoni. Katika miaka ya 1950 alipotaka kutengeneza mshipa bandia, alikwenda katika duka la vitambaa, akaambiwa nailoni imekwisha, akanunua kitambaa cha Dacron badala yake na kukishona kwa cherehani ya mkewe. Kitambaa hicho kilichopatikana kwa bahati kikawa mwanzo wa mishipa bandia ambayo imeokoa watu wasiohesabika. Naye Thomas Fogarty wa Cincinnati, ambaye tangu ujana wake alifanya kazi hospitalini, alikuwa mvuvi mwenye ustadi wa kufunga nyuzi kwenye ndoana. Kwa mafundo hayo hayo alikifunga kipande cha kidole cha glavu kwenye mrija mwembamba, akapata kibofu kidogo kinachoweza kuingizwa mshipani kikiwa kimenywea, kikajazwa, kisha kikavutwa kutoka na bonge la damu iliyoganda. Mbinu hiyo ilichapishwa mwaka wa 1963. Kabla ya hapo mgonjwa alipasuliwa sehemu kubwa ili bonge lile lile liondolewe.

Mtarizi, cherehani, ndoana. Hizo ni nguzo tatu za fani hii, na hapana hata moja inayopatikana katika orodha ya vitu tunavyomwambia mwanafunzi kwamba vitamfikisha chuo kikuu.

Simaanishi kwamba njia ya vitabu ni fupi. Nchini Kenya, anayetaka kazi hii husomea shahada ya kwanza ya udaktari kwa miaka 6, kisha hufanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kilianza kufundisha udaktari mwaka wa 1967, hutoa shahada ya uzamili ya upasuaji kwa miaka 5. Baada ya hapo ndipo mtu huanza kubobea katika mishipa ya damu, kwa miaka 2 au zaidi, na wengi hulazimika kuyafuata mafunzo hayo nje ya nchi. Jumlisha yote na utaona kwamba kijana anayemaliza shule leo hatakuwa bingwa kabla ya miaka 14 hivi, na hapo hatujahesabu miaka anayotumikia wilayani au anayongoja nafasi na karo. Kwa hiyo bingwa wa mwaka wa 2040 tayari amekwisha kuzaliwa. Huenda wakati huu yuko darasani Umoja au Kariobangi, na sisi ndio tunaomfundisha.

Tunamfundisha nini? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa Januari 1985, ulikuja na masomo ya mikono: sanaa na ufundi, sayansi kimu, useremala. Shule nyingi hazikuwa na vifaa, na wazazi walilalamikia mzigo. Baadaye masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa KCPE, na kama ilivyo desturi yetu, kisichotahiniwa hakifundishwi. Vyumba vya ushonaji vikageuzwa kuwa maghala ya madawati mabovu. Kikapita kizazi kizima cha watoto ambao mikono yao ilijua kalamu tu.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, umerudisha kazi za mikono. Naukaribisha kwa hilo. Hata hivyo, nimeona kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mzazi humfanyia mtoto kazi hiyo usiku ili apate alama, na hivyo mkono unaofunzwa ni wa mzazi ambaye tayari anajua. Ya pili ni kubwa zaidi. Katika sekondari ya juu masomo yamegawanywa katika mikondo mitatu, na dhana ya kale ingali imejikita vichwani mwetu kwamba mwenye akili huenda sayansi, na mwenye mikono huenda kwingine. Daktari wa mishipa ya damu anaipinga dhana hiyo kila asubuhi anapovaa glavu. Ndani yake fizikia ya mtiririko wa damu na ustadi wa fundi cherehani haviwezi kutenganishwa.

Ukipita Gikomba utawaona mafundi wanaofumua suti ya mtumba na kuishona upya hata mwenyewe asiitambue. Kariokor kuna wanaoshona viatu vya ngozi na kufuma vyondo kwa mishono midogo iliyolingana. Aghalabu watoto wa watu hao wamo madarasani mwetu. Lakini mzazi akishaona kwamba bintiye anaongoza darasani, humwambia aache kugusa cherehani asije akapoteza wakati wa kusoma. Mzazi huyo ana nia njema. Hajaambiwa na mtu yeyote kwamba Bi Leroudier alimfundisha mshindi wa Tuzo ya Nobel. Sisi walimu ndio tuliopaswa kumwambia.

Atakuwapo msomaji atakayenipinga kwa kusema kwamba si kila fundi anaweza kuwa daktari. Nakubaliana naye kabisa. Mkono usio na elimu ni hatari, na mitaa yetu imekwisha kuumizwa na watu wanaojiita madaktari katika vichochoro. Asiyejua hesabu, kemia na baiolojia hana njia ya kufika chumba cha upasuaji, na afadhali asifike. Ninachosema ni kwamba tumekuwa tukiwachuja watoto kwa kichwa pekee, kisha tunangoja hadi wawe na umri wa miaka 25 ndipo tugundue ni nani mwenye mkono mtulivu. Kufikia hapo wengine wenye kipawa hicho tumekwisha kuwapoteza.

Yapo mambo ambayo shule inaweza kufanya bila kungoja fedha kutoka wizarani. Moyo wa ng'ombe hununuliwa soko la Burma. Mwalimu wa baiolojia akiuleta darasani pamoja na kipande cha aorta kilichobaki juu yake, wanafunzi wataziona vali kwa macho yao, wataupima unene wa ukuta wa ateri, na kwa sindano na uzi wa kawaida watajaribu kuunganisha ncha mbili, kisha wamimine maji ndani yake waone kama zinavuja. Nawahakikishia kwamba somo hilo halitasahaulika. Mwalimu wa sayansi kimu amwalike fundi wa mtaani aje afundishe mshono, na wavulana wakae pamoja na wasichana. Mwalimu wa ushauri naye awaeleze wanafunzi njia ya miaka 14 bila kuwaficha ugumu wake, ili atakayeichagua aichague akijua.

Faida ya pili ingefika nyumbani kabla ya miaka hiyo kwisha. Mwanafunzi anayejua kazi ya mishipa atautazama unyayo wa nyanya yake mwenye kisukari kila jioni, na akiona kidonda atamhimiza aende zahanati kesho yake, si mwezi ujao. Akimkuta mtu anavuja damu nyingi, atalibonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachilia, ataiangalia saa, naye atawaambia watu waharakishe gari. Mambo hayo hayahitaji shahada, na daktari bingwa hana budi kuyategemea, kwa kuwa mguu uliochelewa hata fundi hodari hawezi kuurudishia uhai.

Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Wako watoto wengi wenye vyanda vyema katika shule za Eastlands, na wengine wao tunawaadhibu kwa kufuma chini ya dawati wakati wa hesabu. Mwalimu mwenzangu, utakapomkuta mtoto wa namna hiyo, mwambie kwanza aimalize hesabu yake, maana ataihitaji. Kisha mrudishie sindano, na umweleze ni kazi zipi duniani zinazomngoja mtu mwenye vidole kama vyake.